Kisiwa kidogo kinachosagia dunia chipu

Kampuni isiyouza simu wala kompyuta ndiyo inayotegemewa na karibu kila anayeuza simu na kompyuta. Mwandishi wetu anaeleza jinsi uaminifu wa mwenye kisiagi ulivyojenga viwanda vya Hsinchu, na kwa nini sasa dunia inavitazama kwa hofu.

UKIFIKA penye kisiagi chochote cha mtaa Jumamosi asubuhi, iwe ni Kawangware au Githurai, utakuta foleni ya akina mama na watoto walioshika ndoo na mifuko ya mahindi. Kila mmoja ameleta mahindi yake. Mwenye kisiagi hupima, husaga, hupokea pesa zake na kumkabidhi kila mtu unga wake.

Mwenye kisiagi hana haja ya kujua kama unga huo utapikwa ugali au uji. Yeye mwenyewe hana hoteli mtaani. Kwa sababu hiyo, mama mwenye hoteli haogopi kumpelekea mahindi yake, kwani anajua hatamkuta kesho akiuza ugali mlango wa pili na kumnyang'anya wateja.

Sasa fikiria, msomaji, kisiagi cha namna hiyo ambacho wateja wake ni makampuni makubwa kuliko yote duniani. Apple wako kwenye foleni. Nvidia wako kwenye foleni. AMD, Qualcomm na MediaTek pia wapo. Badala ya mahindi, kila mmoja ameleta michoro yake. Badala ya unga, kila mmoja ataondoka na chipu za kuendeshea simu, kompyuta na magari.

Kisiagi hicho kipo. Kinaitwa Taiwan Semiconductor Manufacturing Company, au TSMC kwa ufupi, na makao yake makuu yako katika mji wa Hsinchu, kisiwani Taiwan. Huwezi kuliona jina hilo likiwa limeandikwa juu ya simu au televisheni yoyote dukani. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya chipu zote zinazotengenezwa kwa kandarasi duniani hutoka kwake, na kwa zile za kisasa kabisa hukadiriwa kuwa hutoa karibu asilimia 90.

Taiwan ni kisiwa kidogo. Kingeweza kuingia ndani ya Kenya mara 16. Je, kilifikaje hapo? Na je, ni salama kwa dunia nzima kusagia mahali pamoja?

Ndani ya simu yako

Tuanze na simu iliyo mfukoni mwako. Ukinunua Tecno au Infinix pale Luthuli Avenue, Nairobi, huenda ndani yake mna chipu ya kampuni ya MediaTek. MediaTek nayo ina makao yake Hsinchu. Lakini haina kiwanda cha kutengeneza chipu hizo. Wahandisi wake huchora tu, kisha michoro hupelekwa kwa wenye viwanda, na hasa kwa TSMC.

Chipu ni kipande cha silikoni ambacho mara nyingi kinaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ndani yake mmejaa swichi ndogo ndogo ziitwazo transista. Kila swichi ina kazi moja tu, kufungua au kufunga njia ya umeme, kama vile ufanyavyo kwa kuwasha na kuzima taa sebuleni. Swichi nyingi zikishirikiana, simu huweza kupiga hesabu, kupiga picha na kutuma pesa.

Mnamo 1971, kampuni ya Intel ya Marekani ilipotoa chipu yake mashuhuri iitwayo 4004, ilikuwa na transista 2,300. Mwaka wa 2023, Apple walitoa simu yenye chipu ya A17 Pro, iliyotengenezwa na TSMC. Hiyo ina transista bilioni 19, yaani zaidi ya mara mbili ya idadi ya watu wote walio duniani.

Huwezi kushika transista hizo moja moja kwa mkono wala kwa koleo. Inabidi zichapishwe, na uchapishaji huo ndio uliofanya viwanda hivi viwe vya ajabu.

Kutoka mawe hadi chipu

Safari huanzia kwenye mawe na mchanga wenye silika. Silikoni hutolewa humo, husafishwa mara nyingi, kisha huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 1,400 za Selsiasi. Kipande kidogo cha fuwele huchovywa ndani na kuvutwa juu polepole huku kikizungushwa, mpaka litokee gogo la kung'aa. Mbinu hiyo ilitokana na ugunduzi wa 1916 wa mwanasayansi wa Poland, Jan Czochralski.

Gogo hilo hukatwa visahani vyembamba, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 300 na unene usiofika milimita moja. Wauzaji wakubwa wa visahani hivyo ni makampuni mawili ya Japan, Shin-Etsu na Sumco. Kazi ya TSMC huanza visahani vinapofika mlangoni.

Kisahani hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga. Kisha mwanga hupitishwa kwenye mchoro wa mteja, kama stensili inavyotumiwa na mtu anayechapisha maandishi kwenye fulana. Pale mwanga ulipogusa, dawa hubadilika. Gesi na kemikali huchimba mitaro, madini hupachikwa, nyaya nyembamba za shaba hutandazwa, na kisahani husuguliwa hadi kikawa laini tena.

Halafu kazi huanza upya kwa tabaka linalofuata. Hatua hizo hufika mamia, na kwa chipu za kisasa hupita elfu moja. Kisahani kimoja huchukua takriban miezi mitatu kiwandani. Huo ni muda ambao mkulima hupanda maharagwe na kuyavuna.

Vipimo vya humo ndani ni vya nanomita. Chukua milimita moja, uigawe mara milioni, upate nanomita. Unywele wako mmoja una upana wa takriban nanomita 80,000. Chembe ya vumbi ambayo jicho haliioni inaweza kuangukia mitaro hiyo kama jabali lililoporomokea barabara, na chipu ikaharibika.

Kwa hivyo wafanyakazi huvaa magwanda meupe yanayowafunika kuanzia kichwani hadi miguuni, wakabaki macho tu. Kabla ya kuingia hupulizwa hewa kwa nguvu ili vumbi litoke. Poda na vipodozi haviruhusiwi. Hata karatasi ya kuandikia ni maalum, kwani ile ya kawaida hutoa unyoya.

Katika chumba cha kuchapishia taa zote ni za manjano. Wenye umri mkubwa watakumbuka chumba cha giza cha studio ya picha na ile taa yake nyekundu. Sababu ni ile ile: mwanga wa kawaida ungeiharibu dawa.

Watu si wengi humo ndani. Visahani husafiri vyenyewe, 25 kwa kila kasha, na makasha hayo hutambaa kwenye reli zilizofungwa darini, yakishuka na kupanda juu ya mashine bila kuguswa na mtu.

Mashine iliyo ghali kuliko zote hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya mji wa Veldhoven, Uholanzi. Ndani yake matone ya madini ya bati hudondoshwa mara 50,000 kwa sekunde, na kila tone hupigwa na mwali wa leza hadi litoe mwanga wa aina ambayo jicho haliuoni. Mashine moja huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 150, na zile mpya zaidi kwa zaidi ya dola milioni 350.

Kiwanda kizima cha kisasa hugharimu takriban dola bilioni 20. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya Sh2.5 trilioni. Bajeti yote ya Serikali ya Kenya ya mwaka wa 2024/25 ilikuwa takriban Sh4 trilioni.

Aliyeanguka mtihani mara mbili

Taiwan haikuanza na pesa kama hizo. Mnamo Februari 1974, maafisa wachache wa serikali na wataalamu walikutana kwa kiamsha kinywa katika mkahawa wa maziwa ya soya jijini Taipei. Wakati huo kisiwa kiliishi kwa kushona nguo na kuunganisha redio na vifaa vingine vya bei nafuu. Waliokutana hapo walikubaliana kwamba ni lazima wajifunze kutengeneza chipu.

Mwaka wa 1976 kikundi cha kwanza cha vijana 19 kilitumwa Marekani kujifunza katika kampuni ya RCA. Mnamo 1980 serikali ilifungua eneo maalum la viwanda vya teknolojia mjini Hsinchu, karibu na vyuo vikuu viwili. Hsinchu ni mji unaojulikana kwa upepo wake mkali, ambao wenyeji huutumia kukaushia tambi za mchele.

Aliyebadilisha mambo kabisa alikuwa Bw Morris Chang. Alizaliwa 1931 katika mji wa Ningbo, China, na utoto wake uliandamwa na vita. Familia yake ilihama kutoka mji hadi mji: Guangzhou, Hong Kong, Chongqing, Shanghai. Mnamo 1949, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Marekani na kujiunga na chuo kikuu cha Harvard, kisha baada ya mwaka mmoja akahamia MIT.

Hapo MIT alipata shahada mbili. Lakini alipofanya mtihani wa kumwezesha kusomea uzamifu, alianguka. Akarudia. Akaanguka tena.

Ilimbidi atafute kazi. Kampuni ya magari ya Ford ilikuwa tayari kumlipa dola 479 kwa mwezi. Kampuni iitwayo Sylvania, iliyokuwa imeanza kushughulika na transista, ilisema dola 480. Kijana Chang aliwapigia simu Ford na kuwaomba waongeze. Walikataa. Kwa tofauti ya dola moja akaenda Sylvania mnamo 1955, na hivyo ndivyo alivyoingia katika ulimwengu wa transista.

Mwaka wa 1958 alihamia Texas Instruments, akakaa huko miaka 25. Kampuni hiyo ndiyo iliyomgharamia kurudi masomoni, na mnamo 1964 akapata shahada ya uzamifu katika chuo kikuu cha Stanford. Alipanda vyeo, lakini ilipobainika kwamba hangepata kiti cha juu kabisa, aliondoka.

Mnamo 1985, akiwa na umri wa miaka 54, aliitwa Taiwan kuongoza taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda. Baada ya muda mfupi waziri K. T. Li alimtaka aanzishe kampuni ya chipu.

Bw Chang alijiuliza swali rahisi: Taiwan ina nini? Katika kuchora chipu ilikuwa nyuma. Katika kuziuza ilikuwa nyuma vile vile. Uwezo pekee aliouona ulikuwa katika kutengeneza. Basi akaamua kampuni yake itengeneze tu, na isichore wala kuuza chipu hata moja kwa jina lake.

Intel na Texas Instruments waliombwa kuchangia mtaji, wakakataa. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikubali na kuchukua zaidi ya robo ya hisa. Serikali ikatoa karibu nusu ya mtaji. Matajiri wa kisiwani walisitasita, na wengine ilibidi wasukumwe na wakubwa serikalini. TSMC ikaanzishwa mnamo Februari 1987.

Siri ya mwenye kisiagi

Siku hizo, mhandisi mwenye mchoro mzuri lakini asiye na kiwanda alikuwa na shida kubwa. Aliweza kuomba makampuni makubwa yamtengenezee, lakini yenyewe yalikuwa yanauza chipu. Ilimbidi awafunulie washindani wake siri zake. Isitoshe, biashara yao ikichangamka, kazi yake ndiyo ya kwanza kuwekwa kando.

TSMC iliwapa wahandisi kama hao ahadi ya mwenye kisiagi: mahindi ni yako na unga ni wako, na hutaniona nikipika ugali.

Mwanzoni wateja walikuwa haba. Intel walipokuja kukagua kiwanda, walitoa orodha ndefu ya kasoro zilizopasa kurekebishwa kabla ya kuleta kazi yoyote. Zilirekebishwa moja baada ya nyingine.

Kadiri miaka ilivyosonga, ahadi hiyo ilizaa aina mpya ya makampuni, yale yanayochora bila kumiliki kiwanda. Nvidia, iliyoanzishwa 1993, ni mojawapo. Mkuu wake, Bw Jensen Huang, alipokuwa bado mdogo kibiashara katika miaka ya tisini, aliandika barua kwa Bw Chang kumwomba msaada. Bw Chang alimpigia simu yeye mwenyewe. Leo Nvidia ni miongoni mwa makampuni yenye thamani kubwa kuliko yote duniani, na bado haina kiwanda.

Wapo waliodharau mtindo huo. Bw Jerry Sanders, mwanzilishi wa AMD, alijulikana kwa msemo wake kwamba wanaume wa kweli wana viwanda vyao. Mnamo 2009, miaka michache baada yake kuondoka uongozini, AMD ilijitenga na viwanda vyake, vikaundiwa kampuni mpya ya GlobalFoundries kwa pesa za Abu Dhabi. Leo chipu bora za AMD hutengenezwa TSMC.

Apple nao walikuja. Mazungumzo yalianza 2010 kwa chakula cha jioni nyumbani kwa Bw Chang. Kwa kumtegemea mteja huyo mmoja, TSMC ilitumia dola bilioni 9 na kuwaweka watu 6,000 wajenge kiwanda usiku na mchana kwa miezi 11. Kufikia 2014 simu za iPhone 6 zilikuwa na chipu za TSMC.

Bw Chang alistaafu Juni 2018 akiwa na umri wa miaka 86. Mwishoni mwa 2024 kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 80,000 na wateja zaidi ya 500.

Foleni ilipovurugika

Wengi wetu tulitambua umuhimu wa viwanda hivi pale tu mambo yalipoharibika. Mapema 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoenea, makampuni ya magari yaliona hakuna atakayenunua gari. Yakaondoa maombi yao ya chipu. Wakati huo huo watoto walisomea nyumbani na wazazi wakafanyia kazi nyumbani, na kila mtu akataka kompyuta.

Watengenezaji magari waliporudi, nafasi yao ilikuwa imechukuliwa. Ilikuwa sawa na mtu aliyeacha foleni ya kisiagi akidhani ataikuta vile vile alivyoiacha. Na kwa vile kisahani kimoja huchukua miezi mitatu, hakuna aliyeweza kuharakishiwa.

Mwaka wa 2021 Ford, General Motors na wengineo walilazimika kusimamisha viwanda kwa vipindi. Magari yaliyokwisha kuundwa yaliegeshwa viwanjani yakingoja vipande vidogo kuliko ukucha.

Sisi pia tuliumia. Kenya hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japan. Wajapani walipokosa magari mapya, walishikilia yale ya zamani, na wauzaji wetu wakalalamika kuwa magari yamekuwa machache na bei imepanda.

Mpunga au chipu?

Mwaka huo huo wa 2021 wakulima wa Taiwan walipata pigo lao. Kiwanda cha chipu hunywa maji mengi mno, kwani visahani huoshwa baada ya karibu kila hatua, na maji yenyewe lazima yawe safi kupindukia.

Mnamo 2020 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua kisiwani, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka 50. Vimbunga huleta balaa, lakini pia ndivyo hujaza mabwawa. Ukame mkali ukafuata. Viwanda vikaanza kununua maji ya malori.

Serikali ilipaswa kuchagua. Ilifunga maji ya kunyunyizia zaidi ya hekta 70,000 za mashamba, mengi yakiwa ya mpunga, na kuwalipa wakulima fidia ili wasilime. Mkulima wa Mwea ataelewa uchungu wa kutazama mfereji uliokauka huku akijua maji yamepelekwa kwingine. Fidia hulipa hasara ya msimu mmoja, lakini hairudishi wateja waliokwisha kumhama mkulima.

Tangu wakati huo kampuni imejenga mitambo ya kusafisha maji machafu ili yatumike tena. Umeme nao ni swali. Mnamo 2023 TSMC pekee ilitumia takriban asilimia 8 ya umeme wote wa kisiwa.

Simu ya usiku

Viwanda hivi havilali. Mashine ya mamilioni ya dola ikisimama saa nane za usiku, mhandisi huamshwa.

Bw Chang mwenyewe amewahi kulieleza jambo hili hadharani. Alisema kwamba Taiwan mhandisi akipigiwa simu usiku huamka na kuvaa. Mkewe humwuliza kuna nini, naye hujibu kwamba anakwenda kiwandani. Mke hugeuka akalala tena bila kusema neno. Kwa Bw Chang, hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za ushindi wa Taiwan.

Msomaji mwenye familia anaweza kuisikiliza hadithi hiyo kwa sikio jingine. Mke yule halalamiki, lakini watoto je? Mnamo 2014 kampuni ilipotaka kuwashinda wapinzani, iliwagawa watafiti wake kwa zamu tatu ili utafiti usisimame hata saa moja kati ya 24.

Hata hivyo, picha si ya giza tupu. Mishahara ni mizuri kwa kipimo cha Taiwan. Kampuni ina shule za chekechea viwandani mwake ambazo hukaa wazi hadi saa mbili za usiku. Na katika kisiwa ambacho ni miongoni mwa maeneo yenye uzazi mdogo zaidi duniani, karibu asilimia 2 ya watoto waliozaliwa 2023 walikuwa wa wafanyakazi wa TSMC, ingawa wafanyakazi hao si hata asilimia moja ya wakazi.

Hofu ya kisiagi kimoja

Wataiwani huiita TSMC mlima mtakatifu unaolinda nchi. Lakini mlima huo umesimama mahali pa hatari.

Kwanza, ardhi yenyewe hutikisika. Tetemeko la Septemba 1999 liliua zaidi ya watu 2,400 na kusimamisha viwanda vya Hsinchu kwa siku kadhaa. Tetemeko kubwa jingine lilipokuja Aprili 2024, kampuni ilikuwa imejiandaa, na kwa muda wa saa kumi zaidi ya asilimia 70 ya mashine zilikuwa zimerejea kazini.

Pili, ng'ambo ya mlango wa bahari iko China, ambayo husema kisiwa hicho ni chake na haijaondoa uwezekano wa kukitwaa kwa nguvu. Marekani nayo huiuzia Taiwan silaha. Vita vikizuka hapo, simu, magari, hospitali na benki za dunia nzima zitaguswa.

Tatu, wakubwa wamegundua kwamba anayeweza kufunga mlango wa kisiagi ana nguvu. Mnamo 2020 Marekani ilitoa sheria zilizoizuia TSMC kuitengenezea chipu Huawei ya China, kwa kuwa viwanda hivyo hutumia teknolojia ya Kimarekani. Kampuni iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa simu duniani ikaporomoka sokoni.

Ndiyo maana kila serikali kubwa sasa inataka tawi nyumbani kwake. TSMC ilifungua kiwanda Kumamoto, Japan, Februari 2024. Ujenzi ulianza Dresden, Ujerumani, mwaka huo huo. Huko Arizona, Marekani, mpango uliotangazwa 2020 kwa dola bilioni 12 ulikuwa umepanda hadi dola bilioni 165 kufikia Machi 2025.

Kuhamisha mashine ni rahisi kuliko kuhamisha desturi. Ujenzi wa Arizona ulichelewa, na baadhi ya wafanyakazi wa Kimarekani walilalamika juu ya saa ndefu na amri kali. Hata hivyo, kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwishoni mwa 2024.

Na sisi je?

Mwanafunzi wa Kenya asidhani hadithi hii haimhusu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, iko kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited, iliyofunguliwa 2021 na Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta. Kwa ukubwa haikaribii hata kidogo ile ya Hsinchu. Lakini mwanzo wake uko chuoni, jinsi wa Taiwan ulivyokuwa katika taasisi ya utafiti. Rais William Ruto alipozuru Marekani Mei 2024, nchi hiyo ilitangaza kwamba Kenya itakuwa ya kwanza barani Afrika kushirikiana nayo kwa kutumia hazina yake ya kuimarisha viwanda vya chipu.

Ahadi za wageni huja na kwenda. Taiwan haikungoja ahadi. Ilituma vijana 19 kwenda kujifunza, na ikasubiri zaidi ya miaka kumi kabla ya TSMC kuanzishwa, kisha miaka mingine mingi kabla ya dunia kulijua jina hilo.

Kazi za viwanda hivi pia si za wataalamu wa kompyuta pekee. Wanahitajika watu wa kemia, fizikia na hisabati, mafundi wa mitambo, wa mabomba ya maji na wa umeme. Mzazi ambaye mwanawe amechagua ufundi badala ya udaktari asikate tamaa. Na mtoto aliyeanguka mtihani akumbuke kwamba mwanzilishi wa kampuni hii aliwahi kurudi nyumbani na matokeo mabaya mara mbili.

Jumamosi ijayo utakapotuma mtoto kisiagini, mwambie amtazame vizuri yule mtu aliyefunikwa na unga hadi kwenye nyusi. Hajaweka jina lake juu ya mfuko wa mtu yeyote. Lakini siku ambayo mashine yake itaharibika, mtaa mzima utalala bila ugali.